Shetani, Ibilisi, Lusifa: Hivi Ni Mtu Mmoja?

Leo mnivumilie, maana kwa mada hii wengine mtaanza kukemea kabla hamjafika aya ya tatu. Kemeeni tu, ruksa, ila msome mpaka mwisho kwanza.

Chanzo cha yote ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Jina simtaji, bado mwanafunzi. Alikuwa sekondari moja ya bweni mkoa wa Tanga. Siku moja asubuhi wako mstarini, ghafla akaanguka. Mwili ukakakamaa, macho yakageuka, povu mdomoni. Wenzake kuona vile wakapiga mayowe, na wasichana wengine wawili nao chini. Si mnajua mambo ya bweni! Ikawa ndiyo habari ya siku nzima, na mpaka taa zinazimwa usiku mdogo wangu alikuwa ameshapewa majina matatu. Matroni alisema mtoto ana mashetani. Mwalimu wa zamu akasema Ibilisi kamwingia. Mhubiri aliyeitwa kuja kuombea akamshika kichwa, akatangaza mbele ya bweni zima kwamba hiki si kipepo kidogo, huyu ni Lusifa mwenyewe. Bibi yetu alipofikishiwa habari kule kijijini hakushtuka hata kidogo. Alisema, "Huyo ni shetani wa ukoo, ana haja yake. Aulizwe anataka nini."

Kuanzia hapo hakuna msichana aliyetaka kulala kitanda cha jirani naye. Likizo alipokuja kwetu Dar, jioni moja tumekaa barazani, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Kaka, hivi mimi nina nani hasa? Maana wametaja watatu."

Jamani, nilikosa jibu. Mimi elimu yangu ni kidato cha nne, si shehe, si mchungaji, si daktari. Lakini swali lile halikunitoka kichwani. Nikaanza kusoma, nikamsumbua katekista wa mtaani kwetu, nikamsumbua na ustadhi mmoja mpaka akaniuliza kama ninataka kusilimu au kuandika kitabu, ha ha. Niliyoyapata ndiyo haya.

Tuanze na Shetani, maana ndiye mzee wao.

Kwa Kiebrania, satan hapo mwanzo halikuwa jina la mtu. Lilikuwa neno la kawaida tu la mazungumzo, maana yake mpinzani, mtu anayekukalia njiani, au anayekushtaki. Chukua Biblia yako ufungue Hesabu 22, ile hadithi ya Balaamu na punda wake. Punda amegoma kwenda kwa sababu kuna malaika amesimama njiani na upanga. Kiebrania kinasema malaika yule alisimama pale awe satan kwa Balaamu. Malaika wa Mungu huyo, katumwa na Mungu, na anaitwa satan! Wafasiri wetu wa Kiswahili waliweka maneno ya kupinga, na walikuwa sahihi, ila sisi tunapita hapo bila kujua tumekanyaga nini. Katika 1 Samweli 29 Wafilisti wanakataa kwenda vitani na Daudi, wanaogopa asije akawageuka akawa satan wao. Daudi! Na katika 1 Wafalme 11 kuna bwana mmoja Hadadi, Mwedomi, ambaye alikuwa satan wa Sulemani. Hana pembe wala mkia, ni mtu wa ukoo wa kifalme aliyekimbilia Misri na kurudi na kinyongo.

Kwa hiyo ungeweza kuwa satan wa mtu asubuhi na jioni mkapatana.

Halafu tunafika kwa Ayubu. Pale satan anakuja mbele za Mungu pamoja na wana wa Mungu, anaulizwa ametoka wapi, anajibu kama mtu aliyetoka kwenye doria. Kiebrania pale kimeweka kiambishi mbele, ha-satan, na jina la mtu kwa Kiebrania haliwekewi kiambishi hicho. Maana yake ni kama kusema "yule mshtaki". Ni cheo, kama mwendesha mashtaka mahakamani. Na angalia tabia yake: hafanyi kitu bila kibali. Anaomba ruhusa ya kumjaribu Ayubu, anapewa, tena kwa masharti. Katika Zekaria 3 yupo tena, amesimama mkono wa kuume wa kuhani mkuu Yoshua ili amshtaki. Bado yuko kazini.

Sasa hapa ndipo paliponifanya nisahau muda wangu kafe mpaka yule dada wa kaunta akanigongea meza. Soma 2 Samweli 24 mstari wa kwanza. Daudi anahesabu watu, jambo ambalo ni kosa, na aliyemsukuma ahesabu ni Mungu mwenyewe kwa hasira yake. Halafu soma 1 Mambo ya Nyakati 21 mstari wa kwanza. Hadithi ni hiyo hiyo, Daudi ni huyo huyo, ila sasa aliyemsukuma ni Shetani, na kile kiambishi cha cheo hakipo. Kitabu cha Nyakati kiliandikwa baadaye, baada ya Wayahudi kupelekwa utumwani Babeli na kurudi. Yaani ndani ya Biblia hiyo hiyo unaweza kuona cheo kinageuka kuwa mtu, na kazi iliyokuwa ya Mungu inahamishiwa kwake.

Karne ya tatu kabla ya Kristo Wayahudi wa Alexandria, kule Misri, walianza kutafsiri maandiko yao kwa Kigiriki. Wakafika kwenye neno hili wakaweka diabolos, maana yake mchongezi, msingiziaji. Kutoka hapo Walatini wakapata diabolus, Wareno wakapata diabo, Wafaransa diable, na Waingereza nao wakachukua la kwao. Kumbe jina lote lile la kutisha Ulaya nzima asili yake ni mtu wa umbea! Na si utani. Katika 1 Timotheo 3:11, pale wanawake wanapoambiwa wasiwe wasingiziaji, Kigiriki kimetumia neno hilo hilo, kwa wingi. Sasa ukimwona jirani yako anapeleka maneno nyumba kwa nyumba, kwa Kigiriki unajua pa kumweka.

Katekista alinikumbusha jambo jingine. Mathayo 16, Yesu anamwambia Petro arudi nyuma yake, na anamwita Shetani kwa sababu Petro anampinga asiende Yerusalemu kufa. Petro hakutolewa mapepo siku ile. Alikuwa amekaa njiani, basi, kama yule malaika wa Balaamu. Maana ya zamani ilikuwa bado inapumua.

Haya, Ibilisi.

Hili tumelipata kwa Waarabu, Iblis, kama tulivyopata shetani kutoka kwao, shaytan. Wataalamu wa lugha wengi wa Ulaya wanasema Iblis ni lile lile diabolos lililokatwa kichwa wakati linaingia Kiarabu. Wanazuoni wa Kiarabu wengi walilitoa kwenye mzizi wa kwao wenyewe, wenye maana ya kukata tamaa: aliyekata tamaa ya rehema ya Mungu. Ustadhi wangu anashikilia hilo la pili na mimi sikubishana naye, chai alikuwa ananunua yeye.

Lakini alichonieleza kikanisaidia sana ni tofauti ya maneno haya mawili ndani ya Kurani. Iblis ni mmoja, ana hadithi yake: aliambiwa amsujudie Adamu, akakataa, akasema yeye kaumbwa kwa moto na yule kwa udongo. Sura ya Al-Kahf, aya ya 50, inasema alikuwa katika majini. Shaytan ni zaidi ya mmoja. Ni aina, na ina wingi. Kurani inataja mashetani wa kijini na mashetani wa kibinadamu, katika Al-An'am aya ya 112. Kwa hiyo mwalimu wa zamu aliposema Ibilisi na matroni aliposema mashetani, hawakusema kitu kimoja, ingawa wenyewe walidhani wanakubaliana.

Kuna atakayesema huyu kijana anabishana na maneno tu. Ngoja nikupeleke Iraki kidogo.

Kaskazini mwa Iraki kuna watu wanaitwa Wayezidi. Wanaamini Mungu mmoja na malaika saba, na mkubwa wa malaika hao wanamwita Tawusi Melek, malaika tausi. Majirani zao kwa karne nyingi walichukua hadithi ya malaika huyu wakailinganisha na ya Iblis, wakaamua ni yule yule, na Wayezidi wakabandikwa jina la waabudu shetani. Wenyewe hawaamini hivyo hata kidogo. Neno shaytan kwao ni mwiko hata kulitamka. Jina likabaki. Tarehe 3 Agosti 2014 wapiganaji wa kundi lililojiita Dola la Kiislamu waliingia Sinjar na jina hilo mkononi. Wanaume waliuawa kwa maelfu, wanawake na wasichana wakachukuliwa utumwani na kuuzwa sokoni. Mwaka 2016 tume ya Umoja wa Mataifa ilisema yale yalikuwa mauaji ya kimbari. Nadia Murad, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ni mmoja wa wasichana waliochukuliwa.

Wala usiseme Iraki ni mbali. Mwaka 1995, wakati wa ile hofu ya Popobawa, kule Unguja umati ulimuua mtu mwenye matatizo ya akili, wakidhani ndiye.

Tunakuja kwa Lusifa, yule aliyetangazwa bwenini.

Mdogo wangu ana Biblia ya Kiswahili, ile ya Union Version ambayo wengi wetu tunayo nyumbani. Nikamwambia nitafutie Lusifa. Akatafuta jioni nzima, akatafuta kesho yake. Hayumo. Sehemu anayotakiwa kuwepo ni Isaya 14 mstari wa 12, na pale Kiswahili kimeweka nyota ya alfajiri. Na sura hiyo, ukianzia mstari wa nne, inasema wazi wimbo huo ni wa kumdhihaki nani: mfalme wa Babeli. Mtu, tena mfalme, aliyejiona atapanda juu ya nyota, na sasa kalala na funza.

Kiebrania kinamwita mng'aavu, mwana wa alfajiri. Hiyo ni Zuhura, sayari inayong'aa kuliko nyota zote. Kwa kuwa inazunguka karibu na jua, kuna majira inatokea mashariki kabla hakujapambazuka, kali kweli kweli, halafu jua likichomoza inafifia mpaka inapotea machoni. Ndiyo picha ya mfalme yule: kung'aa kote kule, halafu jua likaja. Mwishoni mwa karne ya nne mtakatifu Yeronimo alipoitafsiri Biblia kwa Kilatini akatumia jina la kawaida la Walatini la nyota hiyo, lucifer, mleta nuru. Hakuwa anamtaja Shetani, alikuwa anataja nyota. Na tafsiri hiyo ya Kilatini inatumia neno hilo hilo katika 2 Petro 1:19, pale nyota ya asubuhi inapozuka mioyoni mwa waumini. Hapo lucifer ni kitu chema kabisa!

Kuna hata askofu alikuwa anaitwa hivyo. Lucifer wa Cagliari, kisiwa cha Sardinia, karne hiyo hiyo ya nne, mtu mkali sana wa kutetea imani. Mpaka leo mji huo una kanisa la San Lucifero. Wakatoliki mliopo humu msikasirike, jina ni la heshima zake. Na ukienda Uholanzi dukani ukitaka kiberiti, neno lao la njiti za kiberiti ni lucifers. Mleta nuru, si ndiyo kazi ya kiberiti?

Basi ilikuwaje akawa Shetani? Kabla hata ya Yeronimo walikuwepo walimu wa kanisa, Origen wa Alexandria mmojawapo, karne ya tatu, waliosoma wimbo ule wa Isaya wakaona mfalme wa Babeli peke yake hatoshi kwa maneno mazito kiasi kile. Wakaufunga na maneno ya Yesu katika Luka 10:18 kuhusu Shetani kuanguka kama umeme. Tafsiri yao ikashika, karne zikapita, watu wakasahau nyota wakabaki na mwovu. Waingereza walipotoa Biblia yao maarufu mwaka 1611 waliliacha neno la Kilatini vile vile lilivyo pale Isaya, likasomeka kama jina la mtu. Kutoka kwa wahubiri wa Kiingereza likapanda majukwaa ya mikutano ya injili, likashuka kwenye kanda za video, likafika mpaka bweni moja mkoa wa Tanga. Safari ya jina la nyota hiyo!

Beelzebuli nampitia haraka. Katika 2 Wafalme 1 ni Baal-zebubu, mungu wa mji wa Ekroni wa Wafilisti, na mfalme Ahazia alipoanguka dirishani alituma watu kwake wakaulize kama atapona. Baal maana yake bwana. Zebubu ni nzi. Bwana wa nzi, jina gani hilo la kumpa mungu wako? Mwaka 1929 walianza kuchimba Ras Shamra, kule Syria, ulipokuwa mji wa Ugarit, wakapata mabamba ya udongo ambamo Baal anaitwa zbl, mkuu, mwana wa mfalme. Kwa hiyo wanaodhani jina la kweli lilikuwa Baal Zebuli, na majirani wakaligeuza kwa kejeli likawa la nzi, wana hoja. Mungu wa jirani akatukanwa, na kufika Mathayo 12 keshakuwa mkuu wa pepo.

Unaona mtindo? Mwingine alikuwa na cheo, mwingine nyota, mwingine mungu wa watu wa ng'ambo ya mto. Wote wamemwagwa kapu moja.

Sasa nirudi kwa bibi, maana huyu ndiye aliyenipa shida kuliko Yeronimo.

Bibi anaposema shetani hamaanishi yule wa motoni. Pwani neno hili lina maisha yake. Shetani wa pwani ni kama mtu asiyeonekana: ana kabila, ana dini, ana chakula anachopenda. Zanzibar wanawajua kwa makabila. Kuna ruhani, hao ni Waarabu na ni Waislamu, wanapenda usafi. Kuna rubamba wa Pemba. Kuna kibuki, asili yao Madagascar, hao ni Wakristo na wanapenda pombe kali. Kuna habeshia wa Ethiopia. Mtu aliyepandwa anaitwa kiti, na kazi ya fundi ni kumuuliza mgeni jina lake, ametoka wapi, na anataka nini. Akishajulikana haja yake anatimiziwa, ngoma zinapigwa, ubani unachomwa. Mara nyingi hafukuzwi, wanapatana naye akae kwa adabu. Ndiyo maana bibi hakushtuka. Kwake yeye ilikuwa ni kesi ya mgeni mkorofi nyumbani, inahitaji mazungumzo.

Na neno lenyewe la Kibantu, pepo, angalia lilivyo. Upepo, pepo, Peponi. Pepo mchafu yuko huku na Peponi wanakokwenda wema iko kule, silabi zile zile. Wazee walikuwa hawajagawanya dunia vipande viwili kama tulivyofundishwa sisi.

Hata wachonga vinyago waliliona hivyo. Kuanzia miaka ya 1950 Wamakonde wa Dar walichonga mtindo unaoitwa shetani, viumbe vya jicho moja, masikio makubwa, miguu imepinda, na Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuuanzisha. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, mashetani yake yana rangi za pipi na yanacheka. Ukiyatazama unacheka nayo. Jaribu kumweleza hilo mhubiri wetu. Tena kuna tamthilia ya Ebrahim Hussein, Mashetani, ya mwaka 1971, ambayo wengi tuliisoma darasani kwa ajili ya mtihani tu. Mle shetani ni ukoloni na kilichobaki baada ya ukoloni.

Bara nako jina lilifika na likafanya mambo. Wakikuyu walikuwa na ngoma (si ngoma ya kupiga, ngoja), maana yake roho za wazee waliotangulia. Jomo Kenyatta anazieleza katika kitabu chake cha mwaka 1938. Leo Mkikuyu wa kawaida akisema ngoma anamaanisha shetani. Babu zako wamekuwa mashetani bila hata kuhojiwa. Shetani wetu wa Kiswahili naye kapanda milima mpaka kwao, ndiye yule Caitaani wa kitabu cha Ngũgĩ cha mwaka 1980, Shetani Msalabani kwa Kiswahili.

Na kinyume chake kimetokea pia. Okot p'Bitek wa Uganda ameandika kwamba mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana ile. Wakabadilisha swali: nani aliwafinyanga? Wazee wakafikiri, wakakumbuka kwamba mtu anafinyangwa akipata kifua kikuu cha uti wa mgongo, anapinda kibiongo, na anayefanya hivyo ni roho mbaya anaitwa Rubanga. Wakajibu, Rubanga. Mapadri wakaandika. Roho ya kibiongo ikawa jina la Mungu, na makanisa yanalitumia mpaka leo!

Kwa hiyo mdogo wangu aliangukia katikati ya haya yote. Matroni, mtu wa pwani, alisema mashetani kama bibi anavyosema, labda alitaka mtoto achomewe ubani. Mhubiri, ambaye si wa pwani, akasikia Shetani yule wa motoni, akapandisha dau mpaka Lusifa. Neno moja lenye maana mbili, na mtoto mmoja wa miaka 15 kalala sakafuni. Ungekuwa ni mjadala wa barazani tungecheka. Lakini kutoka siku ile mpaka anafika hospitali ilipita miezi kumi na nne. Alifungishwa siku tatu bila chakula, akafukizwa, akapigwa kofi ili "atoke", na katika miezi hiyo alianguka tena mara nyingi, mara moja karibu na jiko la kuni. Kovu lipo mkononi.

Ni mama mdogo aliyesema sasa basi. Akampeleka hospitali, akapimwa, akaambiwa ni kifafa. Wale wasichana wawili wengine? Hawakuanguka tena, walikuwa na woga tu. Yeye akaanzishiwa vidonge vya kila siku. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, wenye kifafa duniani ni kama milioni 50, na mpaka asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa vizuri.

Nilimwonyesha mama mdogo kitu kimoja, maana mhubiri alikuwa anamnukulia Mathayo 17, yule kijana mwenye kifafa ambaye pepo alimtoka. Mstari upo, siwezi kuuficha. Lakini fungua na Mathayo 4:24. Wanaletwa kwa Yesu wagonjwa wa kila aina, na orodha inataja wenye pepo, halafu wenye kifafa, halafu wenye kupooza. Wametajwa mbalimbali. Mwandishi mwenyewe wa Injili, miaka karibu elfu mbili iliyopita, hakuwaweka kundi moja. Mama mdogo aliusoma mstari ule mara tatu, akaupigia msitari kwa kalamu nyekundu.

Bibi tulimwachia yake. Alisema vidonge ameze, na ubani atachoma yeye mwenyewe kule kijijini, haumzuii mtu dawa. Sikuona cha kubishana hapo.

Mdogo wangu kahamia shule nyingine, ya kutwa, na ana mwaka na zaidi hajaanguka. Anaamka saa kumi na moja kujisomea. Kuna alfajiri alinitumia ujumbe, nimelala fofofo, simu ikalia nikajua msiba. Kafungua dirisha kaona Zuhura upande wa mashariki. Kaandika: "Kaka, Lusifa yule pale juu ya mnazi wa mama Asha. Anapendeza kweli."

Haya wadau wa Tanga, Mombasa, Bukavu, Kampala, na nyie mlioko Muscat na ughaibuni. Kwenu mnamwitaje huyu bwana kwa lugha ya nyumbani, na jina hilo lilikuwa na maana gani kabla hamjaletewa dini? Ulizeni wazee, mshushe hapo chini. Wa kukemea nao zamu yenu sasa.